Ndala Moja ya Gesti

Matanga ya mama yalipokwisha, wanawake wa ukoo walijaa chumbani kwake kugawana nguo, na mimi binti yake wa kwanza nikapewa kazi ya kufungua sanduku la bati lililokuwa uvunguni. Harufu ya dawa ya nondo ikatujaa puani. Ndani mlikuwa na vitu vya mtu aliyeishi peke yake miaka mingi: shuka zilizokunjwa vizuri, Biblia iliyolegea mgongo, sweta la mtoto ambalo hakuna aliyejua ni la nani. Chini kabisa, ndani ya kitenge kipya kisichowahi kuvaliwa, ilikuwamo ndala moja. Moja tu, ya mguu wa kulia, ya buluu, imekatwa pembe kwa kisu pale mbele. Shangazi zangu wakacheka kile kicheko cha msibani, mmoja akasema uzee ulimchezea wifi yetu, anatunza ndala mbovu kama dhahabu. Mimi nilikaa sakafuni nikalia kuliko nilivyolia makaburini, mpaka wakaniletea maji.

Wenzangu wa rika langu mnazijua ndala hizo. Gesti za zamani zote walizikata pembe, au walikuwekea ya kushoto nyekundu na ya kulia kijani, ili mgeni asiondoke nazo. Nani atatembea barabarani na ndala iliyokatwa, kila anayemwona ajue ametokea wapi? Basi mama yangu alitembea nayo. Mama huyu huyu ambaye akiazima sindano kwa jirani hailali kwake, alipanda lori na ndala ya watu, akashuka nayo kijijini mchana kweupe mbele ya macho ya wote, mguu mmoja umevaa na mwingine mtupu.

Watoto wangu hunicheka tukisafiri. Tukifika hotelini, hata kabla ya kuweka begi chini, nakwenda mapokezi kusema sisi ni nani, tumetoka wapi, na nani anaweza kuja kutuuliza. Zamu ikibadilika nashuka tena nasema upya. Mume wangu huniambia, mama watoto, tuna simu, mtu akitutaka atapiga. Namwambia sawa, kisha nashuka tena. Wananiona mshamba na mimi nawaacha waone hivyo, maana mambo haya hayasimuliwi ukiwa umeshika ufunguo wa chumba. Leo nayasimulia.

Kwetu ni milimani Ileje, kwenye ndizi na maharage na ukungu ambao asubuhi huwezi kuona mlango wa jirani. Baba yangu alikuwa dereva wa malori upande wa Zambia. Nilipokuwa na umri wa kuanza shule nilikuwa namjua kwa sauti tu, na kwa harufu ya dizeli iliyokuwa kwenye koti lake moja lililobaki ukutani. Mara mbili alikuja kutuchukua, na mara mbili babu, yaani baba yake, alikataa. Babu alisema wajukuu wa nyumba yake hawatakulia kwenye nchi asiyojua makaburi yake. Baba hakugombana naye. Aliondoka kimya, na kimya cha baba ndicho kilichomwogopesha mama kuliko kelele.

Ndipo likaja neno la mwisho. Alilileta ndugu yake mmoja, baba mdogo kwetu, aliyekuwa anavusha maharage pale Tunduma. Alikaa jikoni akalisema kama alivyoagizwa: baba anapita na lori kutoka Dar, atalala Tunduma kungoja kuvuka. Tufikie gesti yenye mlango wa kijani, jirani na yadi ya malori. Jioni atatufuata, asubuhi tunavuka wote, siku zile kuvuka kwenyewe kulikuwa kama kwenda shamba la ng'ambo ya mto. Halafu baba mdogo akatazama chini. Akasema ameagizwa pia kusema hivi: Mama Tuse, na Tuse ndiye mimi, asipotokea safari hii, baba atajua amechagua, na hatauliza tena.

Sasa lazima niwaeleze habari za mama na babu, la sivyo mtamwona mama mjinga. Kwetu mke wa mtu na baba mkwe wake hawakutani. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, hawatazamani usoni. Mama akisikia kikohozi cha babu njiani, anaingia kwenye mahindi na kugeuza mgongo mpaka apite. Na babu, mtu wa haki, alikuwa anakohoa mapema, tangu mbali, ili mama apate nafasi ya kujiondoa. Mimi nilidhani babu anaumwa kifua, nikawa namwombea kanisani. Wala hawakuchukiana. Sijaona watu waliotunzana kama wale wawili: finyango nzuri ya nyama ilikuwa ya babu, ikipita mikononi mwangu, na bakuli lilikuwa halirudi bila neno la shukrani la kumpelekea mama.

Na jina la babu, mama hakulitamka kamwe. Jina hilo ndilo jina letu la mwisho, la baba, langu, na la mdogo wangu Amba. Siku aliyonipeleka kuandikishwa shule, mwalimu aliuliza mtoto anaitwa nani, mama akasema Tusekile. Tusekile nani? Mama akanifinya begani, nikalisema mwenyewe kwa sauti. Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu, akaelewa, akaendelea na mtoto mwingine. Tangu siku hiyo nikajua nina kazi ya maana duniani: mimi ndiye mdomo wa mama kwa jina lile.

Safari hii babu alikubali. Sijui nini kilimlainisha, labda uzee, labda lile neno la mwisho. Ila alikubali kwa namna yake. Alisema watoto wa nyumba yake hawatoki kama mbuzi waliovunja zizi, kwamba atakwenda yeye mwenyewe Tunduma, atushike mikono, amkabidhi mwanawe mbele ya macho yake, ambariki, arudi. Ilikuwa ni heshima kubwa. Mama alisikia akiwa nyuma ya nyumba, ameshika sufuria, na nakumbuka hakufurahi kama nilivyotegemea. Nadhani tayari alikuwa anafikiria vyumba.

Tuliondoka asubuhi ya baridi ile ya Juni inayouma masikio. Babu alikaa mbele kwa dereva, mama akakaa nyuma juu ya magunia na uso ameugeuzia barabara tuliyotoka, mpaka njia panda ya Mpemba, na kutoka hapo vilevile hadi Tunduma. Alikuwa na kitenge kipya ndani ya kikapu, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisishike vumbi. Amba alitapika njia nzima. Mimi sikutapika, nilikuwa nakwenda kwa baba.

Tunduma ilikuwa malori. Malori mpaka macho yanaisha, yamepangana mkia kwa pua, na watu wamepika chini yake na kuanika nguo kwenye vioo. Mwanamke mmoja aliyebeba vitumbua akatusalimia mwapoleni mukwai, kwa lugha ya ng'ambo, na hapo nikawa na hakika kwamba tumeshafika Zambia. Tulipoingia gesti yenye mlango wa kijani nikaona uani milango mingi, kila mmoja na namba yake kwa rangi nyeupe, nikajua hii ndiyo nyumba ya baba. Nilishangaa jinsi alivyo tajiri. Nikaanza kumwonyesha Amba mlango utakaokuwa wetu, na kumkataza asiguse bomba la uani bila ruhusa, maana ni mali ya baba.

Mpaka ulikuwa umekwama siku kadhaa na mji ulikuwa umejaa madereva. Kilikuwa kimebaki chumba kimoja. Mama akaomba viwili. Dada wa mapokezi, binti mdogo aliyepaka wanja, akasema ni kimoja tu, lakini kitanda ni kikubwa, mzee na watoto na yeye wanaenea, kwani ni baba yake, tatizo nini? Mama akasema si baba yangu, ni mkwe. Binti yule akamtazama kama mtu anayejidai. Alikuwa mtoto wa mjini, si kosa lake.

Basi babu akaingizwa chumbani na mlango ukafungwa, na mama akakaa uani juu ya mizigo, jirani na bomba. Mimi nikawa mjumbe. Mwanzoni niliona raha. Mama aliniagiza nimuulize babu kama anahitaji maji ya kunawa, babu aliniagiza nimwambie mama asante, apumzike. Chumba kilinukia dawa ya mbu na sabuni ya kipande, shuka ziliandikwa jina la gesti kwa kalamu nene, na babu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda na kofia yake magotini kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nikamwambia hapa ndipo kwa baba. Akasema, ndiyo, mjukuu wangu.

Tatizo lilikuwa choo. Choo kilikuwa kimoja, pembeni mwa ua, na ili kukifikia ilibidi kupita mbele ya mama. Babu akakohoa. Mama akainuka, akaenda nyuma ya pipa la maji, akageukia ukuta, akajifunika khanga kichwani. Babu akafungua mlango, akaona mgongo wake, akaufunga. Hata mgongo ulikuwa umezidi kwake, ua ule ulikuwa mdogo mno. Madereva waliokuwa wananyoa ndevu wakamcheka mama aliyesimama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Akarudi kukaa. Babu akakohoa tena. Akainuka tena. Jambo hilo lilikwenda hivyo adhuhuri nzima, na kile kikohozi ambacho nilikizoea kikaanza kubadilika. Alikuwa mzee, na alikuwa amekaa kwenye gari tangu alfajiri. Niliingia nikamkuta ameinama, amefumba macho, na mikono yake imebana kofia. Nilidhani ametukasirikia.

Nilipomweleza mama, alijifunga khanga kiunoni. Kisha akasimama akaanza kukusanya mizigo. Akaenda mapokezi, akamweleza binti yule polepole: mume wangu akija jioni, mwambie mzee wake yumo humu chumbani, na mimi na watoto tuko gesti ya ng'ambo ya soko. Binti akasema haya. Mama akarudia. Binti akasema mama, nimesikia. Akanituma nikamwambie babu kwamba uani hakuna mtu, na kwamba tutaonana baba akishafika. Babu alinishika kichwa. Alisema nimwambie mama kwamba Mungu amlipe, na nilipotoka nilimsikia anafungua mlango kabla hata sijavuka ua.

Heshima si utumwa, husema wahenga. Wahenga hawakulala Tunduma.

Gesti ya pili ilikuwa mbaya kweli. Kuta za mabati, godoro lenye bonde katikati, kunguni ambao Amba aliwaita dudu za baba. Kwangu ilikuwa ushahidi kwamba baba ana nyumba mbili. Mama alivua viatu vyake, vile vya kutumbukiza alivyoviazima kwa mwalimu, akavifuta na kuviweka juu ya kikapu visichafuke, akavaa ndala za gesti. Akaoga kwa ndoo. Akajipaka mafuta, akachana nywele zangu na za kwake, akakitoa kitenge kwenye nailoni na kukitandaza kitandani ili mikunjo ifunguke, atakivaa baba akibisha hodi. Halafu akaacha mlango wazi, akakaa anatazama korido. Mimi nilipitiwa na usingizi nikimwona hivyo. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, na alikuwa hivyo hivyo, na kitenge bado kimetandazwa pembeni yangu.

Alimwamsha Amba, akabeba mizigo, ndala za gesti zikiwa bado miguuni, tukaenda mbio mpaka gesti ya mlango wa kijani. Yeye akabaki mlangoni, kwa sababu ya babu. Mapokezi alikuwapo mama mtu mzima, mnene, mwenye sweta. Yule binti wa wanja alikuwa amekwenda kwao jioni. Mama alipojieleza, yule mama akapiga makofi ya kushangaa.

"Kumbe ndiye wewe! Mwenzio alikuja hapa jua linazama. Akauliza mwanamke na watoto wawili. Nikamwambia nilivyoachiwa, kwamba mlikuja, ukakataa kukaa, ukabeba mizigo, ukaondoka na watoto. Akaniuliza, alibeba mizigo yote? Nikamwambia yote. Akashukuru, akaenda zake."

Mama akamuuliza kuhusu mzee. Mzee gani? Mzee aliye chumbani. Yule mama akasema ah, yule babu, yeye aliandikishwa peke yake, mimi nitajuaje kwamba ni wenu, na huyo bwana hakuuliza habari za mzee. Kwa nini angeuliza? Baba hakujua kwamba babu amekuja. Babu alikuwa amelala nyuma ya mlango uliofungwa, mzito wa masikio, amechoka, na mwanawe alisimama pale mapokezi, mwendo wa mtu kwenda kuchota maji bombani. Aliyekuja kumbariki hakumsikia.

Mama akaniambia nikae na Amba kwenye kizingiti cha babu, nisisogee. Akakimbia kwenda yadi.

Hatukukaa sana, au tulikaa, sijui, mtoto hana saa. Amba alikuwa analia njaa na babu ndani anauliza kama baba ameshafika. Mara nikamwona mama anarudi. Alikuwa anahema, kilemba kimefunguka. Hakumtazama Amba wala mizigo, alinishika mimi mkono, akanivuta. Na hapa ndipo ninapojichukia kidogo, ingawa najua mtoto hana hatia: nilifurahi. Nilimtazama Amba kwa maringo. Nilidhani amekuja kunichukua mimi kwanza, kwamba baba ameuliza yuko wapi Tuse, na mimi ndiye nitakayepanda lori kabla ya wote. Nilikimbia kwa furaha kwenye matope ya mafuta ya magari. Ukanda wa ndala yake ya kushoto ukakatika njiani, akaitupa teke, tukaendelea.

Getini palikuwa na mlinzi, mwanamume mrefu mwenye koti la mvua. Alipomwona mama akasema, umerudi tena mukwai? Mama alinisukuma mbele yake, akaniwekea mikono miwili mabegani.

"Sema jina lako," akaniambia. "Lote."

Nikasimama wima kama shuleni, mikono ubavuni, nikasema majina yangu yote matatu, na lile la mwisho nililisema kwa nguvu zaidi kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Mlinzi akaduwaa. Akatutazama mmoja mmoja. Hasira ilianza kumpanda, ile hasira ya mtu anayeona kitu kimeharibika mbele yake bure.

"Kumbe ni huyo? Mama, mbona hukusema? Nimekuuliza Yohana nani, Yohana wamejaa humu, umenikalia kimya kama bubu. Alikuwa pale. Pale kwenye ngazi ya lori, anakunywa chai, wakati ule ule umesimama hapa unanitazama. Wamevuka sasa hivi."

Akaonyesha kwa kidole. Palikuwa na nafasi tupu kati ya malori, mafuta yamedondoka chini, na kikombe cha plastiki. Mbele kabisa, ng'ambo ya kizuizi, migongo ya malori mengi ilikuwa inapanda barabara ya Zambia, na yote yalikuwa yamefanana.

Mama hakulia. Alibaki ameshika mabega yangu, mguu mmoja kwenye matope. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Sema tena."

Nikasema tena. Mlinzi akageuza uso.

Nilikuja kuelewa baadaye sana, nikiwa na watoto wangu, ule mwendo wa kurudi gesti ulikuwa wa nini. Wengine mtasema angelitamka tu. Nimewahi kusema hivyo hata mimi, kwa uchungu, nikiwa msichana mwenye kiburi cha shule. Lakini mama hakukataa kwa kutaka. Aliniambia mara moja tu, tukipalilia, kwamba alifungua mdomo pale getini na jina halikuwamo. Alilitafuta, akakuta palipokaa jina pamezibwa, maana hajawahi hata kulifikiria akiwa peke yake. Ndipo akakumbuka kwamba anaye mtoto anayelijua.

Tulirudi siku ile ile. Babu mbele, mama nyuma na ile ndala moja mguuni, viatu vya mwalimu vimebaki kikapuni. Kila mtu alikuwa ameambiwa kwa mdomo wangu, babu kuhusu lori, mama kuhusu babu kulia, na mimi nilikuwa nauliza kwa nini tunaondoka kwa baba wakati hata hatujala. Kwenye mteremko wa kwetu babu alishuka mbali kabisa na nyumba, akatembea nyuma yetu kwa miguu, akikohoa, ili mama aingie nyumbani bila kuonwa.

Baba mdogo alitumwa kueleza. Alivuka, akampata, akaeleza yote, chumba kimoja, choo, binti wa wanja. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mwanamke anayetaka kuja huja, na kwamba yeye aliuliza kuhusu mizigo na akajibiwa. Nyumbani kwake tayari kulikuwa na mwanamke anayepika. Sijui kama alikuwapo tangu mwanzo au aliingia baada ya Tunduma, na nimechoka kujiuliza. Alikufia huko huko. Habari zilitufikia akiwa ameshazikwa, kwenye nchi ambayo babu hakujua makaburi yake.

Babu naye hakuishi sana. Kabla hajafa, baada ya mavuno, aliniita. Alikuwa amekaa juani na blanketi. Alisema, "Mwambie mama yako kwamba kuanzia leo jina langu nimempa. Alitaje akipika, alitaje akilima. Akitaka kunitukana nalo, anitukane." Wazee wetu hawasemi neno kama hilo. Nilikwenda mbio kwa mama, nikamkuta anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Mwambie nashukuru," alisema. "Lakini wa kumwita ameshapita."

Sikumpelekea babu nusu ya pili. Nilimwambia mama anashukuru, akatikisa kichwa, na nadhani alijua.

Mwaka huu mama alipozidiwa tulimlaza hospitali. Homa ilikuwa inampeleka na kumrudisha, mara ananijua, mara ananiita kwa jina la dada yake. Asubuhi moja muuguzi alipita vitandani anauliza habari za wagonjwa. Akafika kwetu, akauliza mama ana mume? Anaitwa nani? Mimi nilishafungua mdomo, ile kazi yangu ya tangu utotoni. Mama akainua mkono kunizuia.

"Yohana Kibona," alisema.

Alilisema polepole, wazi. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kulisikia jina la babu kinywani mwake. Muuguzi akaandika, akauliza kama yuko nje, maana kuna dawa za kwenda kununua.

"Yuko yadi," mama akasema. Kisha akanigeukia mimi, macho yamefunguka, akanishika mkono kwa nguvu ile ile. "Tuse, kimbia. Hawajavuka."

Nikainuka. Sikujua la kufanya, nikatoka. Nilisimama koridoni, kwenye harufu ya dawa na sakafu iliyopigwa deki, nikangoja kiasi cha mtu kwenda na kurudi. Nikajifuta uso, nikaingia, nikamwambia amesikia, anakuja.

"Ulisema jina lote?"

"Lote, mama."

Akaachia mkono wangu, akafumba macho. Muuguzi alikuwa ameshahamia kitanda cha pili.